Kumwuliza Munganga si Kumtukana

Katika parokia yetu, mtu akichukuliwa hospitalini, wazee humpa shauri moja: "Ukifika kule, kaa kimya. Meza unachopewa. Ukiulizauliza, munganga atakasirika, na akikasirika, ni nani atakayekuponya?" Shauri hili nimelisikia mara nyingi, tena kwa watu wema wenye akili, hata kwa walimu wa dini wenzangu. Wengine huongeza neno la dini juu yake: wasema kwamba mgonjwa mwenye imani hana haja ya kuuliza, kwani yumo mikononi mwa Mungu. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kulijibu shauri hilo, maana naona linadhuru watu.

Wazee wetu hawakulizua bure. Zamani za wakoloni, munganga wa malale alipofika kijijini, sherti watu wote wakusanyike, wasimame mstari, wapapaswe shingo, wapigwe sindano. Hakuna aliyeambiwa jina la dawa. Aliyejificha msituni alitafutwa. Mtu aliyekua hivyo alimfundisha mwanawe kwamba mbele ya dawa jibu ni moja tu: ndiyo, bwana. Miaka imepita, uhuru ulikuja mwaka 1960, malale yamepungua sana, lakini ile "ndiyo, bwana" ingali inalala kitandani pamoja na wagonjwa wetu.

Kila Ijumaa twakwenda, mimi na watu wa Legio ya Maria, kuwatazama wagonjwa na kusali nao. Siku moja magaribi tulikuwa katika chumba cha wanawake, karibu na mama mmoja aliyepasuliwa tumbo siku mbili nyuma. Kitanda cha pili alilala mama mwingine mwenye ugonjwa wa sukari. Wote wawili waitwa Maria. Na katika nchi hii, ni nyumba gani isiyo na Maria wake? Munganga akaingia upesi, sindano mkononi, akasimama mbele ya yule aliyepasuliwa.

"Mama Maria?"

"Ndiyo, baba," mama akajibu, akaufunua mkono wake.

Hapo mke wa mwanawe, msichana ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, akasema polepole: "Samahani, munganga, hii ni dawa ya nini?"

"Ni ya sukari."

"Mama huyu hana sukari. Yeye alipasuliwa."

Munganga akanyamaza. Akaisoma fishi ya kitandani, akaitazama sindano, akasema: "Asante sana, mwanangu." Kisha akaenda kwa Maria wa pili, akamwuliza jina lake lote na jina la baba yake kabla ya kumpiga sindano.

Sijui kama ndugu zangu waona yaliyokuwa yamekaribia siku ile. Dawa ya sukari, ile inayoitwa insulini, ikiingia katika mwili wa mtu asiye na ugonjwa huo, huishusha sukari ya damu kupita kiasi. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, hupotewa na akili, naye aweza kufa katika usingizi. Na asubuhi watu wangesema nini? Wangesema ni kupasuliwa kulikomwua, au ni jirani aliyemroga. Labda ukoo mzima ungegawanyika kwa sababu ya sindano moja iliyokosa kitanda.

Munganga yule si mtu mbaya. Alikuwa peke yake kwa chumba kizima tangu asubuhi, na nadhani hakuwa amekula. Lakini tazama: kati ya dawa ile na damu ya yule mama hakubaki mlinzi mwingine ila msichana mmoja aliyekaa juu ya mkeka. Dokta alikwisha kuandika, mwenye kutunza dawa alikwisha kutoa, munganga alikwisha kutia katika sindano. Mgonjwa na mlinzi wake ndio wa mwisho kuiona dawa kabla haijaingia. Hao wakinyamaza, nani atasema?

Wanganga wenyewe hufundishwa katika shule zao mambo matano wasiyopaswa kuyasahau: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe sawa, njia iwe ile iliyoandikwa, mdomoni au mshipani au nyamani, na saa iwe ile iliyopangwa. Basi mgonjwa akiuliza juu ya hayo, hamwekei munganga sheria mpya. Amkumbusha somo lake, kama vile mtumishi wa Misa anavyomwonyesha padri mgeni mahali pa kitabu.

Juu ya kipimo nitasema zaidi, maana hapo watoto wetu hufa. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, si kwa kumtazama kwa macho. Chukueni malaria kali. Tangu mwaka 2006 kwa watu wazima, na tangu mwaka 2011 kwa watoto, Shirika la Afya la ulimwengu, lile tunaloliita OMS, lilisema artesunate ya sindano itangulie kuliko kinini ya mshipani, kwani huokoa watu wengi zaidi. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo moja. Aliyefika kilo 20 au kuzidi hupewa miligramu 2,4 kwa kila kilo. Sindano ya kwanza hupigwa mara anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza, kisha moja kila siku mpaka aweze kumeza. Sasa niambieni, mtoto ambaye hakupandishwa juu ya mizani, kipimo chake kimejulikana namna gani? Mama mwenye kusema, "Munganga, naomba mtoto apimwe kwanza," hakosi adabu hata kidogo. Na mtoto akiisha kufungua macho na kuomba uji, kazi haijaisha: lazima apewe tena vidonge vya malaria vya siku tatu. Wengi humchukua mtoto mbio kwenda nyumbani kwa furaha, vidonge hawavipati, na baada ya majuma machache wamerudi.

Palipokosekana artesunate, kinini ya mshipani ingali inatumika. Hapo nimeona jambo la kutisha. Chupa ya seromu imetundikwa, matone yaanguka polepole, na mlinzi wa mgonjwa amechoka, ataka kurudi kupika. Basi aligeuza lile gurudumu dogo la mrija, maji yakimbie. Ndugu yangu, usiliguse! Kinini huingizwa polepole, muda wa saa nne. Ikiingia mbio, huangusha nguvu ya damu na kusumbua moyo. Tena kinini hupunguza sukari ya damu, hasa kwa watoto na kwa mama mwenye mimba, ndiyo maana mgonjwa wa kinini akianza kutoka jasho jingi na kulala usingizi mzito, mwite munganga upesi, usiseme "amepumzika." Sisi wa nchi hii twaita kila kidonge "kinini," hata cha kichwa, hata cha minyoo, kana kwamba dawa zote ni moja na zote twazijua. Jina hilo latudanganya.

Neno la sindano lina habari ndefu zaidi, nayo yatugusa sisi Wakatoliki. Sitaificha kwa kuwa gazeti ni letu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, upande wa Équateur, masista walitunza wagonjwa kwa moyo safi na kwa vitu vichache. Kila asubuhi wanganga walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa mama wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji ya moto kidogo. Tarehe 26 Agosti akafika mwalimu mmoja wa shule ya misioni, ana homa. Wakadhani ni malaria, wakampiga sindano ya klorokini. Kumbe ugonjwa ulikuwa mwingine, ule uliopewa baadaye jina la mto Ebola. Watu waliokuja kutafuta dawa ya homa ndogo au kutunzwa mimba wakaondoka na kifo katika mkono. Walipatikana wagonjwa 318, wakafa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, na masista wengine pamoja nao, kwani hawakuwakimbia wagonjwa wao. Mwisho wa Septemba hospitali ikafungwa.

Naheshimu makaburi ya masista wale. Lakini upendo wao haukuweza kuisafisha sindano. Upendo ni kitu kimoja, sindano safi ni kitu kingine, na mgonjwa ahitaji vyote viwili. Basi leo, kwa kuwa sindano za kutumia mara moja zapatikana hata katika farmasi ndogo ya barabarani, una haki ya kuona kifuko kikifunguliwa mbele ya macho yako. Ukiona sindano imekwisha kufunguliwa na kuwekwa mezani, omba nyingine. Tena tuache kuzililia sindano bila sababu. Wako watu wasioridhika mpaka wamechomwa. Munganga akiwapa vidonge, wasema hakuwatibu. Dawa iwezayo kumezwa, imezwe.

Yaweza kuwa munganga ni mwangalifu, sindano ni safi, kipimo ni sawa, na dawa yenyewe ni ya uwongo. Watu wa Ituri walijua hivyo. Tangu Desemba 2014 mpaka Agosti 2015, watu walianza kufika kwa wanganga shingo zimepinda, nyuso zimekazana, ulimi watoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Wengine, bila shaka, walidhani ni pepo. Wagonjwa 1029 wakaandikwa, na 11 wakafa. Walipovipima vidonge walivyomeza, wakakuta kopo limeandikwa diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa kali ya wagonjwa wa akili. Watu waliinunua kama dawa ya kawaida, wakiwa na homa au na ugonjwa mwingine.

Hapo pana fundisho kwetu, kwa sababu hospitali nyingi hazina dawa zote. Mgonjwa amelala, na ndugu yake apewa karatasi akatafute dawa mjini. Yeye akimbilia mahali pa bei ndogo, penye vidonge vilivyomwagwa katika sahani na kuhesabiwa kwa mkono. Nunua, kama uwezavyo, katika farmasi iliyoonyeshwa na hospitali yenyewe. Omba kasha au karatasi ya alumini yenye jina na tarehe ya mwisho. Ukirudi, usimpe mgonjwa mara moja. Mpe munganga alinganishe jina la kasha na jina la karatasi. Na kama fedha zilitosha nusu tu, sema wazi: "Nimenunua ya siku tatu, si ya siku saba." Wengi wanaona haya kusema hivyo, munganga aandika kwamba mgonjwa amepata dawa zote, na dokta ashangaa kwa nini kidonda hakiponi.

Maana haki ya kuuliza yafuatana na wajibu wa kusema kweli. Hapo sisi wagonjwa tuna lawama yetu. Chini ya mto wa kitanda nimeona chupa ya mizizi iliyoletwa na nyanya usiku, na asubuhi mgonjwa akiulizwa, "Umekunywa kitu kingine?", ajibu, "Hapana, munganga." Simlaumu nyanya, majani mengine yana nguvu kweli, nayo ni hiyo hiyo nguvu inayoleta hatari, kwani yaweza kupigana na dawa ya hospitali au kuumiza ini na figo. Sema ulilokunywa. Sema kama una mimba, hata kama mama mkwe hajajua bado. Mwombe munganga akusikilize kando. Sema dawa unazomeza kila siku nyumbani, za presha, za kifua kikuu, za ukimwi, za kifafa. Na kama siku moja penisilini ilikuvimbisha uso au kukubana pumzi, lisema neno hilo kwa kila munganga mpya, asubuhi na jioni, mpaka wachoke kulisikia, na omba liandikwe juu ya fishi yako kwa herufi kubwa.

"Lakini, mwalimu, munganga hukasirika kweli." Najua. Yupo anayejibu, "Wewe umesomea wapi?" Nami nimesikia jibu hilo likitolewa kwa mzee aliyeweza kuwa babu yake. Yaudhi. Hata hivyo, mara nyingi hasira hiyo hutoka kwa namna tulivyouliza. Yupo mwenye kuuliza kama polisi, mbele ya watu, kwa sauti kubwa, akitaja munganga mwingine wa zamani aliyeua mtu. Mtu gani asingekasirika? Msalimu kwanza. Sema: "Munganga, nisaidie nielewe dawa hii, nisije nikakosa kuimeza vizuri." Neno hilo halishushi mtu yeyote. Kama bado akataa kujibu, mwombe Mama Sista au dokta mkubwa anapopita asubuhi. Na kama dawa yakutia mashaka makubwa, una haki ya kusema, "Naomba tungoje mpaka fishi isomwe tena." Mwili ni wako, Mungu alikukabidhi wewe kwanza.

Wala si mimi niliyezua haki hiyo. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu ya 47 yaahidi haki ya afya kwa kila mtu, na sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 yapanga mambo makubwa ya afya ya watu wote. OMS nayo mwaka 2017 iliita mataifa yote yapunguze kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yawezayo kuzuiwa. Siku ya 17 Septemba, ambayo tangu 2019 ni siku ya usalama wa wagonjwa, mwaka 2022 ilishika neno hilo hilo la dawa. Katika shauri lao wataka mgonjwa mwenyewe aulize: anapoanza dawa, anapoimeza, anapoongezewa nyingine, zinapokaguliwa, na anapoacha. Karatasi ni nzuri. Najua pia ya kuwa mtu anayedaiwa hospitalini, aliyepona lakini hawezi kutoka kwa sababu ya deni, haoni haki yoyote katika karatasi hizo. Mtu huyo aogopa kuuliza hata saa. Juu ya deni hilo sherti wakubwa wetu waseme, na sisi katika jumuiya zetu ndogo tuchangie. Lakini mwenye deni naye ana damu kama ya tajiri, naye lazima ajue kinachoingia ndani yake.

Narudi kwa wale wanaosema kwamba kuuliza ni upungufu wa imani. Katika seminari tulisoma kitabu cha Yoshua bin Sira. Sura yake ya 38 yafundisha kumheshimu munganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa hutoka ardhini kwa mapenzi yake, na mtu mwenye akili hazidharau. Akili, basi, yahesabiwa pamoja na dawa. Anayefumba macho na kumeza chochote hamheshimu Muumba wa dawa kuliko yule anayetazama na kuuliza. Bikira Maria mwenyewe, malaika alipomletea habari kubwa kuliko zote, aliuliza kwanza jambo hilo litakuwaje. Malaika hakukasirika, akamweleza, naye akakubali. Mbele ya munganga wa zamu ya usiku, je, sisi tuwe wanyamavu kuliko yeye?

Kwetu kazi imekwisha kuanza, nayo ni ndogo sana. Tangu Siku ya Wagonjwa, ile ya tarehe 11 Februari aliyoiweka Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, watu wa Legio huchukua kaye ndogo za shule na biki. Kila mgonjwa anayetaka hupewa moja. Ukurasa wa kwanza waandikwa jina lake lote, uzito wake, na dawa inayomdhuru. Kurasa nyingine mlinzi wake aandika kila dawa: jina, kipimo, siku, asubuhi au jioni. Asiyejua kuandika hupiga mstari kwa kila kidonge, na jirani wa kitanda humwandikia jina. Mwanzoni wanganga walitutazama vibaya, wakidhani tunawapeleleza. Sasa yule wa zamu ya usiku ndiye anayeuliza, "Kaye iko wapi?", kwa maana mara nyingi fishi ya hospitali imebaki mezani kwa dokta.

Siku ya kutoka, kaye hiyo hutusaidia kuliko siku zote. Mgonjwa huondoka na vifuko vitatu au vinne, maandishi yote ni ya Kifaransa, na akifika nyumbani amesahau kipi ni cha maumivu na kipi ni cha kidonda. Twaomba munganga aseme, nasi twaandika kwa Kiswahili juu ya kila kifuko: ngapi, mara ngapi, kabla ya chakula au baada, na siku ya kukoma. Kisha mgonjwa mwenyewe ayarudie kwa mdomo, kama watoto wanavyorudia katekismu.

Twahitaji watu wanaosoma Kifaransa vizuri, hasa walimu na wanafunzi wa shule ya sekondari. Kaye zimebaki chache. Mwenye nafasi aje siku ya Ijumaa baada ya Misa ya asubuhi, mlangoni pa sakristia, na biki yake mkononi.